Mapigo ya Saa Nne Asubuhi

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ukisoma barua hii basi mzigo umeshafika, na bila shaka umeuzunguka mara tatu ukiukagua kama mgeni asiyejulikana ametoka wapi. Hiyo ni baiskeli, baba. Haina magurudumu kwa sababu haiendi popote. Utaiweka katika chumba changu cha zamani, karibu na cherehani ya mama, uikanyage humo humo ndani, bila jua, bila magari na bila mbwa wa jirani.

Usianze kununa. Siku ulipotoka hospitali, daktari alikwambia mbele yangu kwamba moyo ukishatikisika mara moja unataka mazoezi ya nusu saa, siku tano kwa wiki. Ukamwitikia kwa heshima zote. Huu ni mwezi wa saba sasa, na mazoezi pekee ninayoyasikia ni ya kutoka kwenye kiti chako kwenda kwa kinyozi kucheza drafti.

Ndani ya boksi dogo kuna saa. Ukiigeuza utaona taa ya kijani, ndiyo inayohesabu mapigo ya moyo kupitia kwenye ngozi. Nimeshaipanga ijiunganishe yenyewe na ile simu janja niliyowaachia sebuleni, kwa hiyo ukivaa na kukanyaga, mimi huku naona kila kitu: umeanza saa ngapi, umeenda dakika ngapi, moyo umepiga mara ngapi. Ivae vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, ikaze bila kukubana. Kabla hujapanda, bonyeza mpaka uone picha ya baiskeli. Usisahau hilo, maana kwenye baiskeli ya ndani mikono imetulia, na saa hizi zimezoea watu wanaopunga mikono, kwa hiyo itadhani umejikalia tu. Kiti kiwe usawa wa nyonga yako. Dakika tano za mwanzo nenda polepole, na tano za mwisho vivyo hivyo.

Najua kazi yangu hujawahi kuielewa, mtu mzima kusimama mbele ya watu ishirini waliopanda baiskeli zisizokwenda na kuwahimiza wapande mlima usiokuwepo. Lakini kazi hiyo imenifundisha kusoma mioyo ya watu, na wa kwako ndio ninaotaka kuusoma kuliko yote.

Ningekupigia, ila wewe unasema simu ni ya misiba. Miaka thelathini na moja ya kuchambua barua posta imekuharibu. Basi ujue hivi: ile simu niliyopigiwa mwaka jana, ya kwamba umeanguka bafuni, sitaki kupigiwa nyingine kama hiyo. Ndiyo maana nimetuma chuma chote hiki.

Msalimie mama.

Mwanao,
Kiberiti


12 Februari

Kwako Kiberiti,

Marahaba. Mimi mzima, mama yako mzima, na chuma chako nacho ni kizima, ingawa wabebaji wawili walitaka kukitelekeza ngazini. Mmoja aliniuliza kama nimefungua hospitali. Nikamwambia ndiyo, na mganga mkuu ni binti yangu.

Nimepanda. Usidhani nimekaa. Nilianza Jumatatu, na kufikia Jumatano shati lilikuwa linakamuliwa. Mapaja yanalalamika, lakini mimi si mtu wa kubembelezwa na mapaja.

Ila nina neno moja na huyo aliyebuni kitu hiki. Miaka yangu ya mwanzo posta, kabla sijapewa meza ya kuchambua, nilikuwa napeleka barua kwa baiskeli nyekundu. Nikikanyaga, nilifika. Mtu alinifungulia mlango, akapokea barua yake, akanipa maji. Hii yako mtu anakanyaga nusu saa nzima, akishuka yuko palepale na ukuta ni uleule. Huyo mbunifu alikuwa na ugomvi wake na safari, nami nimeingizwa humo bila kuulizwa.

Saa nimeivaa kama ulivyoagiza, vidole viwili. Je, inaweza kujua mtu anafikiri nini? Nauliza tu.

Mama yako anakusalimu. Ana oda ya sare za shule, chumba kimejaa vitambaa vya bluu, baiskeli inaonekana kidogo tu katikati.

Baba yako


20 Februari

Baba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, maana nina furaha mpaka wenzangu kazini wamenichoka. Siku ya kwanza dakika nne. Ya pili tisa. Sasa ni dakika ishirini na mbili, na hujaruka hata siku moja, hata Jumapili! Nina watu humu wanaolipia mwaka mzima wakaonekana wiki mbili. Jana asubuhi nilisimamisha darasa nikawaonyesha mstari wako kwenye simu, nikawaambia huyu ana miaka sitini na saba, na mwaka jana tulidhani tumempoteza. Wakapiga makofi. Yako hayo, yapokee.

Nimeshangaa kidogo kwamba unapanda saa nne kasorobo au saa nne kamili. Nilidhani hiyo ni saa ya drafti. Umeacha drafti kwa ajili yangu? Kama ni hivyo, nitakununulia kinyozi wako mwenyewe.

Jambo moja tu. Mapigo yanapanda upesi mno. Legeza kile kitufe cha ugumu, kanyaga kama mtu anayetembea. Ukiweza kuongea sentensi nzima bila kutweta, mwendo huo ndio sahihi.

Msalimie mama.

Kiberiti


27 Februari

Binti yangu,

Makofi nimeyapokea, na waambie wenzako nawashukuru. Uliponiandikia kwamba umewaonyesha watu mstari wangu, nilikaa na ile barua muda mrefu. Hukupaswa kunisifia mbele za watu kiasi hicho, Kiberiti. Mtu akisifiwa sana anakosa pa kuweka uso.

Kuhusu drafti, nimeipunguza. Nacheza baadaye kidogo. Kinyozi naye siku hizi anafungua kwa kuchelewa, mambo yamebadilika hapa mtaani. Usiyachunguze sana.

Kitufe kimelegezwa. Nimepewa taarifa, maana yake nimeona mwenyewe, kwamba sasa ni laini zaidi.

Mama yako hajambo. Anamaliza sare, na siku hizi namsikia anaimba peke yake humo chumbani, jambo ambalo hajalifanya tangu ulipoondoka. Anachoka mapema tu, umri umeanza kumdai. Analala na mito miwili. Mimi mmoja unanitosha.

Baba yako


14 Machi

Baba,

Shikamoo. Jana nilikupigia. Ulipokea, ukasema "Niandikie," ukakata. Haya, nakuandikia, lakini barua hii uisome umekaa chini.

Acha kupanda baiskeli kuanzia leo. Usipande hata dakika moja mpaka umwone daktari.

Nimeutazama moyo wako kila siku kwa zaidi ya mwezi mzima, na kuna kitu ndani yake hakiko sawa. Ukiwa umekaa tu, kabla hujaanza, unapiga mara tisini na sita. Ukikanyaga mdogo mdogo, hata dakika tatu hazijaisha umeshafika mia moja hamsini na mbili. Hilo peke yake ningelivumilia, ningesema bado hujazoea. Linalonitisha ni baada ya kushuka. Moyo mzima ukipumzishwa, ndani ya dakika moja unashuka mapigo ishirini na zaidi. Wako unashuka sita. Jumatano ulishuka manne. Na kuna mahali mstari unakatika: unapiga matatu ya haraka, unasita, halafu unaendelea kama mtu aliyejikwaa.

Mwanafunzi wangu akinionyesha mstari kama huo namshusha kwenye baiskeli palepale na sijali kama atakasirika. Wewe nimekuacha wiki tano kwa sababu ya furaha yangu ya kijinga. Niliona unavyojitahidi nikashindwa kuona kingine chochote.

Nenda kwa daktari wiki hii. Mwonyeshe namba hizi, nimeziandika zote kwenye karatasi ya pili. Baba, mimi sina baba mwingine wa akiba.

Msalimie mama, ila usimwambie mengi akaanza kuhangaika.

Kiberiti


27 Machi

Binti yangu mpendwa,

Nimetoka kwa daktari, na kabla hata sijavua viatu nimekaa nikuandikie, ulale usingizi.

Wamenifunga nyaya kifuani. Wamenitembeza kwenye mkanda unaokwenda (kumbe wao nao wana vitu visivyofika popote). Wamenitazama moyo kwenye kioo, nikauona mwenyewe unafungua na kufunga kama mdomo wa samaki. Daktari akasema moyo wangu umepona vizuri kuliko alivyotegemea, na kwamba wapo vijana wangeutamani. Nilipompa karatasi yako alizisoma namba zote mara mbili, akanitazama, akasema, "Mzee, hizi si zako." Akasema labda kifaa kimekosea. Alitaka kuuliza zaidi, lakini nje kulikuwa na foleni.

Kwa hiyo mambo ni shwari. Baiskeli imesimama tangu barua yako ilipofika, tarehe kumi na tisa, wala hakuna aliyeigusa. Sasa urudi kula vizuri, maana najua hukuwa unakula.

Mama yako anasema hajambo. Nimemsomea barua zako zote, kama kawaida, pamoja na ile karatasi ya namba. Ulisema nisimwambie mengi, lakini mimi barua nikishaifungua siwezi kusoma nusu. Alisikiliza, sindano mkononi, mpaka mwisho.

Baba yako


5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama kwenye korido, nikakaa chini hapo hapo sakafuni na kulia. Bosi wangu alidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimefufuliwa mtu.

Basi ni saa. Imeharibika, na sasa nina ushahidi. Unasema baiskeli imesimama tangu tarehe kumi na tisa, lakini tarehe ishirini na saba, saa nne na dakika tano, imeniandikia kwamba umeendesha dakika sita, moyo ukifika mia moja hamsini na nane. Saa inayoota safari haifai. Ivue, izime, irudishe kwenye boksi lake unitumie. Duka litanibadilishia. Hizo namba zote za nyuma tuzisahau, nimeshazifuta kwenye simu yangu. Zilininyima usingizi wiki tatu bure.

Mwanzo wa mwezi ujao nitakutumia nyingine, uendelee pale ulipoishia. Najivunia wewe sana.

Msalimie mama.

Kiberiti


11 Aprili

Binti yangu,

Kesho asubuhi nampeleka mama yako hospitali. Majibu yakitoka nitakupigia simu, kabla hata barua hii haijakufikia. Lakini nimetaka niandike kwanza. Kwenye simu ningetafuta pembe ya kujificha, na karatasi haina pembe.

Mimi sijawahi kuipanda ile baiskeli. Hata siku moja. Siku ilipofika niliitazama nikaona tusi. Mimi niliyepeleka barua mji mzima, leo nikanyage pedali mbele ya ukuta kama punda wa kinu! Lakini sikutaka kukuvunja moyo. Nikamwomba mama yako avae saa akanyage dakika mbili tatu, ili wewe huko uone namba ufurahi. Nilidhani ni mzaha wa wiki moja. Yeye akaendelea. Mimi nikienda kwa kinyozi, yeye anaacha cherehani anapanda. Kumbuka mama yako hajawahi kuendesha baiskeli maishani mwake, hakuna aliyemfundisha. Siku moja nikarudi mapema nikamkuta amefumba macho, anakanyaga, anaimba. Nikatoka polepole nisimkatize. Nilisema moyoni, basi hakuna aliyeumia: mtoto anafurahi, mke wangu anafurahi, nami nina drafti yangu.

Halafu ikaja barua yako ya Machi.

Kiberiti, nilipoisoma nilijua si yangu. Hilo ndilo ninalolionea haya kuliko yote. Pale posta, barua ikifika na jina lisilo lake, tulikuwa hatulali nayo. Tulimtafuta mwenyewe nyumba kwa nyumba, tuliuliza maduka, tuliuliza watoto njiani, mpaka tumpate. Miaka thelathini na moja sikuwahi kukaa na barua ya mtu hata siku mbili. Hii ya mama yako nimekaa nayo mfukoni wiki tatu. Nilijiambia labda moyo wa mwanamke una hesabu zake. Nilijiambia saa imekosea. Nilikwenda kupimwa mimi, mzima, nikachukua cheti cha uzima wangu nikakuletea wewe kama jibu la ugonjwa wake. Daktari aliponiambia namba si zangu, nilijua anachosema, nikashika kofia nikatoka.

Leo barua yako ya kwamba saa imeharibika imefika. Nikamsomea kwa furaha, kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwuliza saa iko wapi niifunge. Akavuta mkono wa gauni, akaonyesha anayo. Akaivua, akainuka aniletee. Ni hatua nne kutoka kwenye cherehani hadi mlangoni. Hatua ya pili akasimama, akashika meza, akajifanya anatazama kitambaa. Nami nikamwona, kwa mara ya kwanza, ingawa nadhani amekuwa akisimama hivyo mbele yangu mwaka mzima. Nikajaribu kuivaa ile saa mimi, sijui kwa nini. Mkanda ulikuwa umeshajikunja kwenye tundu la mwisho, pale pembamba. Kwenye mkono wangu haukufunga hata kidogo.

Nikamwuliza, "Mama Kiberiti, moyo wako wewe ukoje?"

Akakaa. Akalia kidogo, siyo sana, unamjua. Kisha akaniambia, "Umechelewa kuniuliza, lakini umeuliza."

Sikuombi unisamehe leo. Kwanza tumsikie daktari. Namba umezifuta kwenye simu, lakini ile karatasi ya pili ninayo, na kesho nitampa daktari na kumwambia ni za nani.

Baba yako


19 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo mama. Nimekaa na karatasi hii nikagundua kwamba ni barua ya kwanza ninayokuandikia wewe. Miaka tisa nimekuwa nikimwandikia baba kurasa na kurasa, na wewe nakutupia mstari mmoja chini, msalimie mama, kama mtu anayeacha chenji mezani. Naona aibu na nimeona nianze na hiyo aibu.

Baba alipiga Jumatatu. Akasema neno kwa neno, kama anasoma telegramu: mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, damu inarudi nyuma ilikotoka, moyo unafanya kazi mara mbili, inabidi upasuliwe. Kisha akasema, "Tungechelewa hadi mwisho wa mwaka, daktari hakutaka kumalizia sentensi." Halafu akakupa simu. Nawe ukaniambia mko salama, kaa kazini, usisumbuke.

Mimi nimeujua moyo wako, mama. Hilo ndilo linaloniuma. Kila siku saa nne nilisimama kando ya darasa na simu mkononi nikiusubiri. Nilijua unapopanda, nilijua unapojikwaa. Niliuona mpaka nikaweza kuuchora kwa mkono. Nimeupenda wiki kwa wiki, na sikujua ni wa nani. Halafu nikaufuta.

Baba nimemkasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikaona hasira yangu haina miguu, kwa sababu na mimi sikuwahi kuuliza. Alisema unachoka mapema, alisema mito miwili, nikaisoma nikapita. Mwanafunzi angeniambia hayo ningemfukuza darasani akapimwe siku hiyo hiyo.

Nataka nikuulize mambo mawili, na nakuomba unijibu wewe, kwa mkono wako, siyo kupitia kwa baba. La kwanza, ulikuwa unajua? La pili, unataka nije? Usiniambie mambo ya kazi yangu. Niambie unataka au hutaki.

Mwanao,
Kiberiti


26 Aprili

Mwanangu,

Marahaba mama. Mkono wangu umezoea chaki ya fundi kuliko kalamu, utanivumilia mwandiko. Baba yako nimemtuma kwa kinyozi. Hakutaka kwenda, siku hizi ananifuata nyuma mpaka jikoni, akinishika kiwiko kwenye ngazi mbili kama mimi ndiye wa kuvunjika. Nimemwambia akae huko mpaka nimalize.

Unauliza kama nilikuwa najua. Nilijua kuna kitu. Kilianza mwezi ule ule baba yako aliporudi kutoka hospitali. Nikipanda ngazi na ndoo, moyo unaruka, unatulia, unaruka tena. Usiku nikilala chali nakosa pumzi. Lakini mwanangu, hebu kumbuka nyumba ilivyokuwa. Dawa zake juu ya friji, chumvi imepigwa marufuku, wageni wanaingia wanatoka wanamwuliza anaendeleaje, na wewe huko unalia kwenye simu. Nilitazama nikaona humu ndani hakuna nafasi ya wagonjwa wawili. Nikasema ngoja apone yeye kwanza. Akapona. Na nilipotaka kusema nikakuta nimeshazoea kunyamaza, na kila mtu ameshazoea kwamba mimi ndiye mzima.

Halafu baba yako akaja na saa yako, anajichekesha, ananibembeleza nimsaidie kukudanganya. Nilikubali haraka mpaka akashangaa. Yeye alidhani nimeingia kwenye mzaha wake. Mimi nilitazama ile taa ya kijani nikafikiri, mtoto huyu kazi yake ni kusoma mioyo. Ataona. Sitalazimika kumwambia mtu.

Sitakuficha, baiskeli yenyewe niliipenda. Miguu yangu imekanyaga cherehani miaka thelathini, ilikuwa inajua cha kufanya. Nilifumba macho nikapita barabara ya soko, nikapita shule uliyosoma, nikashuka mteremko wa kanisani bila kushika breki, mimi ambaye utotoni kaka zangu walinikataza hata kugusa usukani. Niliimba kwa sababu ya hilo. Moyo uliniuma na niliimba, vyote viwili kwa pamoja.

Na ukaona, mwanangu. Uliona kila kitu, hukukosea hata namba moja. Barua ilipokuja baba yako akaisoma kwa sauti yake ile ya posta, nikakaa na sindano yangu nikisikiliza moyo wangu unaelezwa, pale unapokimbia, pale unapojikwaa, na kila mstari unaanza na Baba. Nilimtazama nikidhani atainua macho anitazame. Hakuinua. Nikajiambia nisubiri. Alipokwenda kujipima yeye, nikapanda tena zile dakika sita. Hiyo saa haikuota. Nilipanda kusudi, nikikuita. Ulipojibu kwamba imeharibika, niliona basi, nimebisha hodi vya kutosha.

Ningeweza kusema kwa mdomo. Najua. Ni maneno matatu tu. Lakini nilitaka, mara moja katika maisha, mtu aniulize bila mimi kumkumbusha. Ni ujinga wa mtu mzima, na ungeniua, daktari ameniambia hivyo waziwazi. Usiurithi.

Baba yako ameniomba radhi mara nyingi mpaka nimemwekea kikomo, mara moja kwa siku, asubuhi. Usimkasirikie zaidi ya hapo. Aliuliza, na alipouliza hakulala mpaka kumepambazuka tukatoka.

Upasuaji ni Jumanne, tarehe sita Mei, saa mbili asubuhi. Wanasema nitalala masaa matano na wataufungua moyo wenyewe. Kwenye simu nilikwambia usisumbuke kwa sababu baba yako alikuwa amekaa karibu, na mimi mbele yake nimezoea kuwa imara. Sasa hayupo.

Naogopa, mwanangu. Nataka uje.

Mama yako